Mkono Uliopungua Stanmore

London, Jumatatu

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa ndani, si umesimama tena pale kibanjani kwenye migomba. Magoti yanaendeleaje? Na Baba Mdogo, ambaye najua ndiye anayekusomea, naye shikamoo. Asome polepole, na pale utakaponyanyua mkono asimame kwanza. Mimi mwili ni mzima. Moyo umevunjika, Mama, sitakudanganya.

Baba Mdogo ameniambia kaburi la kaka Deo bado liko wazi pembeni ya Baba, na umekataa lisifukiwe. Unasema mwanao yuko njiani. Mama, Deo hayuko njiani. Tumemzika huku Jumamosi. Uliponiuliza kwenye simu, "Nani kaamua?" nililia mpaka kadi ikaisha. Sasa nakujibu.

Chama chetu cha kuzikana kina matawi matatu. Walthamstow, ninakokaa mimi, ndilo kubwa kuliko mengine mawili yakiwekwa pamoja. Kuna Lewisham, halafu Stanmore, alikokuwa Deo, watu wachache wanaotunza wazee. Zamani tulihesabu mikono yote pamoja, na Walthamstow tulishinda kila mara. Hata mikutano ilikuwa kwetu tu; watu wa Stanmore walikuja, wakala wali, wakarudi na treni.

Kisha Wamarekani wakafanya uchaguzi wao ule ambao aliyepata kura nyingi zaidi nchi nzima aliukosa urais. Deo alikuwa kwangu, macho kwenye televisheni, ugali unapoa. Nikamwambia huo ni wizi. Akacheka.

"We Editha, kule hawahesabu vichwa vyote kwa pamoja. Kila jimbo lina wajumbe wake. Ukishinda jimbo, hata kwa kura moja, karibu kote unachukua wajumbe wote. Hao ndio wanaomweka rais."

"Na walioshindwa jimboni, kura zao zinakwenda wapi?"

"Zinabaki hapo hapo."

"Sasa hiyo ni haki gani?"

"Haki ya wadogo. Bila hivyo mgombea angezunguka miji mikubwa tu, basi. Kwetu shamba la ukoo lingeamuliwa kwa vichwa, nyumba ya Baba Mdogo na watoto wake wote si ingetumeza sisi wawili?"

Unamjua akishika jambo. Mkutano uliofuata alisimama, akapendekeza kila tawi liwe na sauti moja, na tawi likigawanyika nusu kwa nusu sauti yake iwe hapana. Aliwachekesha watu mpaka hoja ikapita. Na iliwafaa, nisiseme uongo. Mikutano ikaanza kuzunguka, Stanmore nao wakapika.

Alipoanguka kazini na kufariki, nilikipelekea chama ombi la kumsafirisha nyumbani. Nilichochanga mimi hakikufika hata nusu ya nauli ya jeneza. Walthamstow wote waliinua mikono. Mimi niliinua wangu mpaka bega likauma, na haukuwa na kazi yoyote, maana kwetu tulikwisha kushinda. Lewisham walikataa. Stanmore, waliokuwa wakila naye, walikuwa na hofu kwamba mfuko ukiisha watakaofuata watakosa hata sanda, wakagawanyika nusu kwa nusu. Mkono uliopungua ulikuwa wa Deo mwenyewe.

Mama, wengi walitaka arudi kwako. Nataka ulijue hilo. Lakini matawi mawili yalisema hapana, moja likasema ndiyo.

Nilipiga kelele pale ukumbini, nikasema mbele ya watu wazima maneno ambayo hukunifundisha. Mwenyekiti akaangalia sakafu. "Sheria ni ya marehemu, dada," akasema. "Tukiivunja kwa ajili yake, tutakuwa tumemheshimu?" Mzee mmoja wa Lewisham akasimama. Mkewe tulimzika huku mwaka jana, kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, Deo ana mama. Mke wangu hakuwa na mama?" Nikaketi. Nina hasira ambayo sijui niipeleke kwa nani.

Siku ya mazishi walikuja wote. Yule mzee wa Lewisham ndiye aliyeshika koleo mpaka mwisho, na vijana walipotaka kumpokea alikataa.

Sasa nakuomba jambo. Kwetu mtu akifia mbali asirudi, wazee hulaza mgomba kaburini, wakaulilia kwa jina lake. Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, wewe ndiye uliyetufundisha. Ukate ule mgomba alioupanda Deo mwenyewe kabla hajasafiri. Wasiukate mfupi, alikuwa akinipita kichwa kizima. Uufunike kwa shuka lake la shule lililobaki, kisha umruhusu mjomba afukie.

Msalimie mjomba huyo aliyelichimba kaburi, mwambie mikono yake haikufanya kazi bure. Msalimie shangazi anayelala nawe siku hizi, na padri wetu, na jirani anayekuchotea maji. Wote waambie nawashukuru.

Ni mimi, mwanao uliyebaki naye,

Editha