Kwa Salehe, Kuhusu Mgeni wa Jumamosi

Ndugu yangu Salehe,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miaka mingi. Sikuugua, wala sikupoteza anwani yako. Barua yako ya mwisho kutoka Tanga imo katika droo ya meza hii, nayo ina sentensi mbili tu: "Idi hajambo. Bado anakula amesimama." Kila nilipotaka kuijibu, niliona aibu.

Leo nimelazimika kuandika. Mjukuu wangu Rehema, uliyemwacha akitambaa, ametimiza miaka kumi na saba na anataka kujiunga na jeshi. Kwa umri huo hachukuliwi bila saini ya mzazi au mlezi. Mama yake alifariki. Mlezi wake kisheria ni mimi. Ofisa wa kuandikisha askari atakuja hapa Lanham Jumamosi, saa nne asubuhi.

Bila shaka umemkumbuka yule aliyekuja kwako.

Ilikuwa miaka ya vita. Mimi na wewe tulikuwa tumekula kiapo cha uraia siku moja. Tuliponyoosha mikono, uliniinamia ukanong'ona, "Mwalimu, na vita hivi navyo sasa ni vyetu?" Nilikukanya usinichekeshe mbele ya hakimu.

Ofisa alipoomba kuonana na wazazi wa Idi, wewe na mkeo, Bi Hadija alipika pilau kana kwamba anapokea mkwe. Mgeni alivua buti zake mlangoni, tukamsubiri afungue kamba zile ndefu. Aliketi mkekani, akala kwa mkono, akaomba kachumbari zaidi. Ukasema kwa Kiswahili, uso mkavu, "Huyu akikaa hadi magharibi atatumalizia mbuzi." Bi Hadija alicheka mpaka akafunika mdomo kwa ushungi.

Kisha karatasi zikatolewa. Ukaniambia, bado kwa Kiswahili ili mgeni asielewe, "Sitaki, Mwalimu. Mtoto ninaye mmoja tu."

Nakumbuka nilivyokujibu, neno kwa neno. "Mtu amekula kwako, Salehe. Utamfukuza na wali mdomoni?" Nikaongeza kwamba mtoto akivaa sare ya nchi hii, hakuna atakayemkodolea mama yake macho dukani kwa sababu ya ushungi. Idi aliniangalia kwa shukrani. Wewe ulitazama sinia. Hukuwa na kalamu, nikakupa yangu.

Idi alirudi akiwa na viungo vyake vyote, nasi tukashukuru mapema mno. Siku ya karamu ya kumpokea alikataa kuketi. Alikula amesimama, mgongo ukutani, akitazama mlango. Bi Hadija alimwita mara tatu, "Njoo ukae, baba," kisha akaacha kumwita. Na dukani waliendelea kumkodolea mama yake macho.

Kabla hatujajua la kufanya, uchumi ulianguka. Wewe ulikuwa seremala wa nyumba mpya, na ghafla hakuna aliyejenga. Katika mtaa wetu majirani walihama mmoja mmoja, nyasi zikaota hadi madirishani. Tuliketi sebuleni kwako tukiwasikiliza viongozi kwenye televisheni wakieleza namna benki zitakavyookolewa. Ukauliza, "Na sisi wametutaja?" Nilikuambia usubiri, hotuba haijaisha. Ilikwisha. Nyumba yako ikachukuliwa, ukaondoka na mkeo na Idi, nami nikawapeleka uwanja wa ndege bila kutamka neno moja kuhusu kalamu ile.

Ungeuona mtaa sasa, usingeuliza mambo yamekuwaje. Jirani zangu wawili waliokuwa watumishi wa serikali mjini wamepunguzwa kazi. Mmoja nilikutana naye Bladensburg kwenye foleni ya chakula cha msaada cha kanisa, akajifanya hakuniona. Nami nilijifanya sikumwona, maana nilikuwa katika foleni hiyohiyo. Rehema amepunguziwa saa za kazi dukani. Chuo hakipatikani kwa pensheni yangu. Nilimsimulia habari za Idi, zote, pamoja na kosa langu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wa huku. Aliniuliza: asipokwenda, nina kitu gani kingine cha kumpa?

Nimelitafuta jibu wiki nzima na sikulipata. Nilifundisha miaka arobaini, Salehe, na sina hata neno la kumpa binti mmoja. Nchi hii siiamini tena, na kwetu sina nyumba ya kumpeleka.

Nilimwambia Rehema kwamba mgeni wa Jumamosi asipikiwe chochote. Alishtuka. "Babu, hata chai?" Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Sikuandikii ili unisamehe. Nataka ujue kwamba ulipokataa ulikuwa sahihi, nami nilikuzuia kwa kutumia adabu yako mwenyewe. Msalimie Bi Hadija. Idi umsalimie pia, ikiwa bado anapokea salamu zangu.

Kalamu ni ileile, sikuitupa. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kwanza, kabla sijamwambia mtu mwingine, nikupe jibu bila kulipamba: nimetia saini, au sikutia.

Jirani yako wa Lanham,
uliyemwita Mwalimu