Kizuka Hapandi Ndege

Baba Rukia, mume wangu,

Unakumbuka ile siku ulipoinuka kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni, ukaifungua atlasi ya Rukia ya shule? Mwanetu alikuwa keshaolewa Toronto, mimba ya kwanza ishaingia, na sisi tushaitwa. Ukapima toka Unguja mpaka kwake. "Inchi tano na nusu!" ukasema. "Hata mfuko wa suruali hautoki hapo, nawe waogopa!" Nikakwambia, "Wewe fundi nguo, si rubani." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Kisha ukaenda kwa wakata tiketi, ukarudi umenywea. Kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Ndege ya kwanza mpaka Adisi Ababa, kungoja hapo, kisha ya pili usiku kucha. Ukaniapia, "Ntakushika mkono njia nzima." Maana mimi ndege nnaijua kwa mlio tu, ikipita juu ya mapaa ya Malindi. Viza zikatoka. Nikasaga pilipili manga ya uji wa mzazi, nikafunga na kanga za mbeleko.

Wewe ukatangulia safari nyingine. Ulijilaza baada ya Alasiri, hukuamka. Nnakulilia, Baba Rukia, na nimekukasirikia vilevile! Ndo nini kunifanyia hivi?

Sasa mimi ni kizuka. Miezi minne na siku kumi za eda, nguo nyeupe, bila udi wala asumini, kizingiti sikivuki. Dada yako kahamia hapa kunilinda, nikisogea dirishani tu, "Wifi, wapi huko?" Nilipomtajia Toronto alishika kichwa. "Kizuka hapandi ndege! Watu watasemaje?" Nikamuuliza shehe, akanijibu kwa upole kwamba Rukia ana mumewe huko, nami nivute subira. Sibishani na amri ya Mungu. Lakini subira hii inanikaba, wallahi. Kuta hizi nshazijua kila ufa.

Leo adhuhuri simu ikalia. Kwao hata hakujapambazuka.

"Mama, uchungu umenianza. Mume wangu yuko kazini, zamu ya usiku, bado hajafika."

"Tulia, mwanangu. Vuta pumzi. Mimi nipo."

"Hupo, mama."

Akalia. Hata ningetoka mbio saa ile, na ndege ikanisubiri, mwanawe angezaliwa mimi niko angani. Lakini ningekuwa njiani. Ningeweza kumwambia, "Nnakuja."

Nimetoka kuswali sasa hivi. Nimekuombea rehema, kama kila siku, na kaburi lako liwe na nuru. Kisha, mikono bado iko juu, nikajisikia nnamwomba Mungu jambo jingine: siku za kukulilia wewe ziishe upesi.

Nsamehe, mume wangu. Nnakupenda, na nnataka kutoka.

Mkeo,
Mama Rukia