Mieleka ya Mzee Simeoni

Jumamosi, Bangwe

Mieleka! Hakuna kipindi kinachoniudhi kama kile, majitu mawili yanajifanya yanaumizana. Lakini kila Jumamosi, tamthilia yangu ikipamba moto tu, jirani yangu Mzee Simeoni, mkimbizi kutoka Burundi, anabisha hodi. Mwanaume mtu mzima atatazama mambo ya mapenzi? Namwekea mieleka, nanuna kimoyomoyo.

Leo saa yake ilipita bila hodi. Alikwenda bandarini kumsindikiza dada yake, anayerudi kwao kwa meli. Nikaweka kando madaftari ya wanafunzi wangu, nikajinyoosha kwenye kochi na bakuli la karanga. Leo ndiyo siku ya kumjua baba wa yule mtoto wa kwenye tamthilia! Lakini raha haikuja. Nilikuwa nawaza, je, na yeye akipanda meli arudi kwao?

Hodi. Ni yeye, macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ameondoka. Mimi nimebaki."

Huruma ikanijaa. Hata hajakaa, nikashika rimoti nikamwekea mieleka yake.

Akatazama kidogo, akakohoa. "Mwalimu, yule mtoto... baba yake ni nani?"

Nikamgeukia. "Kumbe unaifuatilia?"

"Ukuta wetu ni mmoja, nasikia kila kitu. Huwa nakuja kuwaona sura hao waigizaji. Ila nikiingia tu unaweka mieleka. Nikajua ndiyo unayoipenda."

Nikarudisha chaneli mbio. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda, tamthilia imekwisha.

Tumecheka mpaka karanga zikamwagika. Baba wa mtoto hatumjui, na mieleka ya mwaka mzima tumeitazama kwa adabu tu.