Mfuko wa Maua Saba

KAMATI YA WAZAZI NA WALIMU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 17 Mei
Mahali: Darasa la Tatu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa bado umejaa viti vya kukodi
Muda: Saa 4:20 asubuhi (kiliitishwa saa 3:30)

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mkodishaji wa maturubai na viti
2. Muuguzi mstaafu, Makamu Mwenyekiti
3. Mwalimu Mkuu
4. Baba Pacha, fundi bomba
5. Kinyozi
6. Fundi cherehani, Katibu
Mwalikwa: Mzee Mlinzi wa lango

ASIYEHUDHURIA
Mama Jikoni, mpishi wa shule kwa miaka ishirini na miwili na mjumbe wa Kamati. Alituma barua (tazama Kumb. Na. 3).

KUMB. NA. 1/05: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwaomba wawe wafupi, kwani saa saba alikuwa na turubai la kusimamisha kwenye harusi. Wajumbe walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Hakuna aliyecheka.

KUMB. NA. 2/05: TAARIFA YA SIKU YA AKINA MAMA
Mwenyekiti alieleza kwamba sherehe ya Jumatano ilifana kuliko zote. Kampuni ya sabuni ilileta bango, mpiga picha, na zawadi zilizofungwa kwenye karatasi za kung'aa. Kila mama aliyeandikishwa alipewa kiti chenye namba, na mwanawe akamkabidhi boksi lenye namba hiyohiyo. Picha zitatoka kwenye kalenda ya kampuni. Alisema shule za jirani zinatuonea gere.

Makamu aliomba kukumbusha ilivyokuwa zamani. Watoto walikuwa wakitengeneza maua kwa kurasa za madaftari yaliyoisha, vikonyo vikiwa njiti za ufagio. Mwenye mama alimpa mama yake. Asiye na mama alipeleka ua lake jikoni. Desturi hiyo haikupitishwa na kikao chochote. Mwaka mmoja mtoto alibaki uwanjani peke yake na ua mkononi, Mama Jikoni akatoka na mwiko, akamuuliza, "Hilo la nani? Kama halina mwenyewe si unipe mimi?" Tangu hapo kila mwaka alishinda na maua masikioni na kwenye kilemba, akipakua maharage hivyohivyo.

Mwenyekiti alijibu kwamba ya kale yana mahali pake, na kwamba kampuni ilisema maua ya karatasi yanachafua picha. Makamu alisema, "Kumbe sherehe ilikuwa ya picha. Sisi tulidhani ya mama zao." Mwenyekiti aliagiza kauli hiyo isiandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/05: BARUA YA MPISHI
Katibu alisoma barua ya Mama Jikoni ya tarehe 15. Yote ni hii: "Naacha kazi kuanzia leo. Funguo nimempa Mlinzi. Maharage ya Jumatatu yako kwenye ndoo ya bluu, yalowekwe Jumapili jioni. Nawashukuru."

Mwenyekiti alidhani mpishi anataka nyongeza ya mshahara, akasema hilo linazungumzika. Mwalimu Mkuu alisema mama yule hajawahi kuomba chochote isipokuwa kuni kavu. Kinyozi aliuliza kama anaumwa.

Ndipo Mzee Mlinzi alipoinua mkono. Alieleza kwamba siku ya sherehe Mama Jikoni alivaa aproni mpya, akasimama mlangoni mwa jikoni kuanzia saa nne. Alipomwambia, "Mama, si ukae basi," alijibiwa, "Wakinikuta nimekaa watadhani nimechoka nao." Alisimama mpaka turubai likashushwa.

"Akaniuliza, 'Mzee, wanangu leo wanaumwa wote saba?' Nikamwambia walikuwa wamefungiwa Darasa la Tatu, na sasa gari limeshawapeleka nyumbani. Akarudi ndani, akaanza kuosha masufuria. Na yalikuwa yameshaoshwa."

KUMB. NA. 4/05: WATOTO SABA
Baba Pacha, ambaye ni mjane, aliuliza ni watoto gani waliofungiwa. Mwalimu Mkuu alieleza kwamba kampuni ilishauri watoto wasio na mama waepushwe na huzuni, hivyo wakawekwa darasani humu kutazama katuni. Komeo la nje lilifungwa ili wasije wakazurura mbele ya kamera. Alisema alikubali, na kwamba hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Baba Pacha alisema pacha wake walimwambia tu kwamba walitazama katuni. Jana alipofungua mikoba yao alikuta maua mawili ya karatasi yamebanwa chini ya vitabu, akadhani ni kazi ya nyumbani, akayanyoosha na kuyarudisha.

"Mama yao alikufa. Sawa, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kufiwa nako ni uchafu, mpaka mtu afungiwe asionekane?"

Mwenyekiti alisema hakuna aliyetamka neno uchafu. 

Baba Pacha aliuliza nani aliandika orodha ya wale saba. Mwenyekiti alijibu, "Kamati."

Katibu alisimama na kusema kwamba orodha ni ya mkono wake. Mwenyekiti alitaja majina, lakini hakuna aliyemshika Katibu mkono kumlazimisha. Katibu alieleza zaidi kwamba wiki moja kabla ya sherehe Mama Jikoni alifika dukani kwake na kitambaa cha aproni, akataka mfuko mpana mbele. Alisema, "Fundi, mwaka huu wako saba. Masikio hayatoshi." Kwa hiyo Katibu aliwashonea mfuko wale saba, kisha akawaandika wale saba, akijua ni walewale. Aliona haya kumbishia Mwenyekiti mbele ya wageni wa kampuni. Katibu anaandika hapa kwamba anaumia, na kwamba kuumia kwake hakumsaidii mtu.

KUMB. NA. 5/05: MAAZIMIO
(a) Wajumbe wanne walitaka kampuni isirudi mwakani. Mwenyekiti alieleza kwamba haiwezekani, kwa kuwa alishatia sahihi mkataba wa miaka mitatu, siku ileile, soda zilipokuwa zikigawiwa. Kinyozi alisema, "Umetunyoa bila maji, na kinyozi ni mimi." Azimio halikufikiwa.

(b) Iliazimiwa kwamba Mwalimu Mkuu na Baba Pacha, pamoja na watoto wote saba na maua yao, waende leo hii chumbani kwa Mama Jikoni kumwomba radhi. Wote waliafiki, Mwenyekiti akiwa wa mwisho kuinua mkono.

Mzee Mlinzi aliomba radhi kwa kuchelewa kusema. Mama Jikoni aliondoka jana kwa basi la alfajiri kwenda kwa dada yake. "Nimembebea sanduku mimi mwenyewe mpaka stendi. Nikamuuliza huko kwa dada ni wapi, akasema ni mbali." Hakuacha namba ya simu. Azimio (b) limebaki bila kutekelezwa.

KUMB. NA. 6/05: MENGINEYO
Mzee Mlinzi aliweka mezani funguo za jikoni na aproni, imefuliwa na kupigwa pasi. Alisema ameagizwa ampelekee Fundi, huenda akapata wa kumpa.

Katibu aliikagua. Fundi akishona mfuko mpya huupiga bandi mdomoni, yaani huushikiza kwa uzi mweupe mrefu ili usipanuke; mwenye nguo huukata mwenyewe akianza kuutumia mfuko. Mama Jikoni alipokuja kuchukua aproni, Katibu alishika mkasi ili aukate uzi huo, akazuiwa. "Uache, Fundi. Nitaukata likija la kwanza."

Uzi ulikuwa bado upo, mzima, kutoka upande mmoja wa mfuko hadi mwingine.

Mwenyekiti alisema habari za uzi si za kikao na zisiingie kwenye kumbukumbu.

KUMB. NA. 7/05: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana, Mwenyekiti akiwahi turubai lake. Baba Pacha alibaki mlangoni na bisibisi yake, akifungua skrubu za komeo la nje. Hakuna azimio lililompa kazi hiyo, na hakuna aliyemzuia.

Mwenyekiti: .............................. (Amekataa kutia sahihi mpaka Kumb. Na. 6/05 ifutwe.)

Katibu: Fundi cherehani (sahihi). Haitafutwa. Aproni imetundikwa dukani kwangu, juu ya cherehani. Uzi sijaukata.