Mtori wa Mzazi Mikononi mwa Baba

Kilema, 9 Juni 2024

Mpendwa Mama Ebenezeri,

Nakusoma kila wiki, na leo ni zamu yangu kukulilia. Mke wangu Dominika alitutoka kabla ya Pasaka, na sasa binti yetu Rachel amejifungua, mumewe yuko mlimani na watalii na mama mkwe wake hajiwezi kwa miguu, hivyo amekuja kukaa uzazi hapa nyumbani, na unajua huku kwetu mzazi asipokunywa mtori wa ndizi hajahudumiwa, lakini wa kuupika ndiye tuliyemzika pale mgombani. Dada yangu Doris huuleta kutoka kwake Soweto, kule mjini, siku za Jumapili, siku nyingine binti anakunywa chai, maziwa hayatoki ya kutosha na mtoto analia.

Basi nikaingia jikoni mwenyewe. Nilikumbuka Dominika alivyojipaka mafuta mikononi asishikwe na utomvu, na alivyogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria akimaliza, ila sikuwahi kumuuliza alikata mkungu upi, nami nikakata ndizi za kupikia pombe ya mbege maana ndizo nizijuazo. Rachel akaonja, akasema, "Baba, huu umempikia ng'ombe?" Tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Doris akatukuta hapo. "Kaka, tangu lini beberu akanyonyesha? Unataka tuchekwe Kilema nzima?" Anasema Jumamosi anamchukua Rachel na mtoto akawahudumie mjini. Rachel hataki, anasema abaki karibu na mama yake, nami nyumba ikiwa tupu tena sijui nitaizoeaje. Je, nimwachie dada, au niendelee kupika na aibu yangu?

Sirili

Baba Rachel,

Pole sana kwa Dominika, na hongera kwa mjukuu. Sasa nikugombeze kidogo. Mbuzi akichinjwa huko kwenu, nani hukoroga kisusio nyuma ya nyumba? Si ninyi wanaume, tena mnawafukuza wake zenu wasisogee? Damu na utumbo mnapika bila haya, iweje ndizi ziwe aibu? Mtoto analia, wewe unangoja ruhusa!

Kosa lako ni ndizi tu. Tafuta ndizi mshare, mbichi lakini zilizokomaa. Kama huzitambui, nenda sokoni uwaambie akina mama unampikia mzazi. Watakutania, vumilia, watakuchagulia nzuri. Ukimenya, zitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Chemsha kwanza nyama yenye mfupa mpaka ilainike, ndipo utie ndizi na kitunguu. Zikiiva, toa nyama, ponda kwa mwiko mzito, ongeza mchuzi kidogo kidogo hadi unyweke kwa kikombe, umalizie na siagi ya nyumbani. Unaobaki weka kwenye chupa ya chai kando ya kitanda chake. Na mtoto akizidi kulia, mpelekeni kliniki, mtori peke yake si dawa.

Dada yako si mbaya, anahangaika kama wewe. Mwambie hivi: "Doris, njoo ulale hapa umwogeshe mtoto, jiko niachie mimi." Akikataa, basi. Mwenye uzazi ni Rachel, naye ameshasema anataka kukaa wapi.

Ukishampakulia binti yako, usiende kusimama mlangoni. Jimiminie na wewe, ukae unywe naye. Mkinywa, mnikumbuke.

Mama Ebenezeri