Waranti ya Gari la Wagonjwa na Kimya Changu

Jumamosi. Mvua ilianza alfajiri, imekatika sasa hivi, saa nne. Mawingu bado yamekaa juu ya milima ya ng'ambo na ziwa limechafuka mpaka bandarini. Niko barazani kwangu hapa Katubuka, Kigoma mjini, laptop mapajani. Chai imepoa bila kunywewa.

Saa sita mchana mkuu wa ofisi anataka maelezo yangu ya maandishi. Jumatatu atayatumia kuamua kama Mzee Nestori anafukuzwa kazi au anabaki.

Mzee Nestori ni dereva wetu wa gari la wagonjwa. Mimi ni ofisa usafirishaji katika shirika linalohudumia wakimbizi. Nilitoka Tanga miaka minne iliyopita, na miaka yote minne nimekuwa nikiomba kurudi kwetu. Aliyewahi kupita kwenye blogu hii anajua, nimeijaza malalamiko ya vumbi na ya mawese kwenye kila mboga. Mwezi huu nikaambiwa uhamisho umekubaliwa. Barua imebaki kutiwa sahihi tu.

Niandike mambo yalivyokwenda, moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitajipendelea. Najijua.

Tangu Warundi waanze tena kuvuka kwa wingi, watu wanashuka kwenye boti hapa Kigoma, wanapumzishwa siku mbili tatu, kisha wanapelekwa kambini kwa mabasi. Wagonjwa tunawapeleka sisi. Gari letu ni jipya, halijamaliza mwaka, lina waranti, ile dhamana ya waliotuuzia, ya miaka mitatu. Lakini likishabeba wagonjwa watatu, ndugu zao, muuguzi na mtungi wa oksijeni, vilima vya njia ya kambini lilikuwa linavipanda kwa kuhema. Siku moja mama mmoja alijifungulia humo ndani, mlima haujaisha. Alipona, na mtoto akapona, alhamdulillah. Mie ndiye sikupona. Nililala na kuamka na mlima ule.

Ujiji kuna fundi mwenye laptop na waya zake, kila mwenye pikapu anamjua. Anachomeka kwenye kontroboksi, ile kompyuta inayoiamuru injini inywe dizeli kiasi gani, anabadilisha programu, gari linaamka. Tyuning, wenyewe wanaita. Hafungui hata nati moja, na hapo ndipo niliponaswa. Kwa akili yangu, waranti inakufa gari likiguswa na spana. Ndivyo tunavyojua sote huku: ukiona rangi ya nati imebanduka, ujue injini imefunguliwa. Sasa hapa nati hazijaguswa, kosa liko wapi?

Mzee Nestori alikataa.

Naliandika peke yake ili nisilifiche katikati ya maneno. Alisema, "Madamu, hili gari la watu. Tuwaulize kwanza waliotuuzia." Nami nikamjibu, mbele ya fundi, aache woga wa kikambi.

Woga wa kikambi! Mtu aliyevuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, akasubiri karatasi za uraia mpaka mvi zikamtoka. Ana umri wa baba yangu mdogo. Asubuhi namwamkia shikamoo, saa tano namwambia maneno yale. Aliingia kwenye gari akalisogeza kivulini ili fundi afanye kazi vizuri.

Miezi miwili gari lilipaa. Ofisi nzima wakanisifu, Mwanaidi umefanyaje, nami nikazipokea sifa kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyopita, kwenye mlima ule ule, injini ikaanza kugonga, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Ndani kulikuwa na wagonjwa wawili. Walikaa juani saa nzima mpaka lori la mahindi likawabeba. Hakuna aliyekufa. Nimelirudia neno hilo wiki nzima, hakuna aliyekufa, kama vile linanisaidia.

Gari likavutwa mpaka mjini. Jumatatu nikatoa kijitabu cha waranti kwenye droo ya dashibodi, kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Ofisa usafirishaji mzima, nachana nailoni gari likiwa na miezi kumi na moja! Imeandikwa humo kwa lugha nyepesi kabisa kwamba kubadilisha programu ya injini bila idhini yao ni sawa na kubadilisha kifaa, na uharibifu unaotokana na hilo si juu yao.

Nikampigia fundi. Akacheka. "Dada, nairudisha ile ya kiwandani. Hata malaika hatajua."

Nikasema rudisha.

Jumanne akaja akarudisha. Mzee Nestori alisimama pembeni, mikono nyuma, anaangalia. Safari hii hakukataa wala hakukubali. Nadhani alikuwa ameshanijua.

Jumatano mkaguzi wa kampuni iliyotuuzia gari akashuka kwa ndege kutoka Dar. Mtu mpole, shati limepigwa pasi, anasalimia mpaka walinzi. Alipima kwa mashine yake dakika kumi. Kisha akatuita, mimi, mkuu wa ofisi na Mzee Nestori, akatuonyesha kioo cha mashine.

"Kontroboksi hii inahesabu kila inapoandikwa upya," alisema. "Kiwandani iliandikwa mara moja. Hapa nasoma mara tatu. Na hii ya tatu imeandikwa gari likiwa na kilomita hizi hizi lilizonazo sasa. Maana yake lilikuwa limeshakufa. Gari lililokufa mlikuwa mnaliandikia nini?"

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Akatueleza taratibu, hakupandisha sauti. Waranti haifi yote kwa mpigo. Taa, milango, kiyoyozi, usukani, hivyo bado ni juu yao, tyuning haihusiki navyo. Lakini injini, tabo inayoisukumia hewa, na giaboksi, vyote vilivyobebeshwa nguvu ambayo havikutengenezewa, hapo wanajitoa. Nilifikiri amemaliza. Kumbe lililoniua lilikuwa linakuja. Alisema nozeli moja, ya kunyunyizia mafuta kwenye injini, imemwaga dizeli mpaka pistoni ikatoboka, na nozeli za toleo lile zimewahi kuleta shida zenyewe, bila kuchezewa na mtu. "Mngeniambia ukweli nilipofika, ingekuwa kazi yetu kuonyesha kwamba ni tyuning iliyoua injini, si nozeli. Huenda tungeshindwa. Sasa mmefuta, mmenificha. Niwatetee kwa lipi?"

Mficha uchi hazai, nimesikia tangu utoto. Kumbe nilisikia tu.

Mkuu akageuka. "Nani aliagiza?"

Naapa nilifungua mdomo. Nilivuta hata pumzi. Halafu nikaiona ile barua ya uhamisho, nikamwona mama yangu kwenye ukumbi wa nyumba yetu kule Pangani, na pumzi ikaishia hapo hapo.

"Mimi," alisema Mzee Nestori.

Mkuu hakuuliza swali la pili. Hilo nalo linanikera mpaka leo. Angesema mwingine, angeulizwa pesa umepata wapi, fundi nani, nani alikutuma. Kwa Mzee Nestori lilikubalika mara moja, kama watu walikuwa wanalisubiri. Kufika Alhamisi kwenye korido nikasikia, "Warundi bwana, wape kitu kizuri uone." Aliyesema hayo ni mtu ninayekula naye samaki wa mgebuka kila mchana. Nikampita kimya. Siku mbili, nimenyamaza mara mbili.

Jana Ijumaa baada ya swala nikaenda kwake Ujiji. Nilitaka anitukane. Kweli, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata na hamu.

Nilimkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile. Aliendelea kupalilia kwanza, mpaka mwisho wa tuta, ndipo akanijibu.

"Madamu, mtu aliyekuwa mkimbizi anazoea kulaumiwa. Wewe hujazoea. Niliona unataka kuanguka."

Nikapandwa na hasira, na sijui hasira ya nini. Nikamwambia hana ruhusa ya kunionea huruma. Nikamwambia atafukuzwa. Akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kirundi, akapangusa jembe. Halafu akasema kitu kingine ambacho kimenikosesha usingizi. Kwamba kule mlimani wagonjwa walipokuwa juani, mmoja alimuuliza mbona gari jipya linakufa, naye hakuwa na la kumjibu, na hilo ndilo linalomuuma, si kazi. "Mimi ndiye nilikuwa nashika usukani," alisema. "Nilijua, na nikaendesha."

Mkewe, Mama Eliza, akatuita ndani. Ameweka ugali wa muhogo na samaki wabichi wa ziwani, mezani kuna kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Alikuwa hajui kitu. Mumewe alimwambia tu kuna tatizo la gari kazini na lawama imemwangukia. Alininawisha mikono. Alinichagulia kipande cha katikati cha samaki. Kisha akakaa, akakunja mikono mapajani, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Madamu, utamsemea?"

Nikasema nitamsemea.

Na nikala. Mtu mzima na akili zangu, nilikula nikamaliza, nikashukuru.

Nimerudi nyumbani, na asubuhi hii nimeandika maelezo niliyoombwa. Yalikuwa mazuri, nisiwe mwongo. Nilieleza kwamba Mzee Nestori ni dereva mwaminifu, hajawahi kugonga hata kuku, alifanya vile kwa nia njema ya kuwawahisha wagonjwa, na naomba apewe onyo badala ya kufukuzwa. Nikayasoma. Machozi yakanitoka kwa jinsi nilivyo na roho nzuri.

Nikayasoma tena. Loh. Namwombea msamaha mtu kwa kosa langu! Nimemsemea kweli kweli, nimemfunga kamba vizuri zaidi kuliko alivyojifunga mwenyewe. Angebaki kazini, ndiyo, na angebaki akiwa na deni la shukrani kwangu. Mkewe angeniletea mihogo.

Nimefuta yote.

Nimeandika mapya, mistari saba. Kwamba niliagiza mimi tyuning. Kwamba Mzee Nestori alikataa mbele ya fundi na mimi nikamdharau. Kwamba gari lilipokufa niliagiza mimi programu irudishwe ili kumdanganya mkaguzi, na hilo ndilo lililotunyima hata nafasi ya kujitetea. Kwamba alipojitaja nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka alipo na nikanyamaza. Nimemtumia mkuu kwa barua pepe, na nakala kwa mkaguzi Dar na kwa ofisi kuu. Saa tano na dakika ishirini.

Nimebonyeza mara mbili. Imekwenda mara mbili.

Hazikupita dakika tano, mkuu akapiga. Sauti ya chini, ya mtu anayekutakia mema. "Mwanaidi, hii mimi sijaifungua. Nakala nazo nitazisemea, nitasema ulikuwa na homa. Barua yako ya Tanga iko mezani kwangu. Niandikie nyingine kabla ya saa sita."

Kwa sekunde kadhaa nilimpenda yule mtu. Acha niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pake. Nilimpenda sana.

Nikasema, "Ifungue, mkuu." Akakata simu.

Sasa ni saa sita kasoro tano. Uhamisho nadhani umekufa. Kazi yenyewe sijui. Gari bado limelala pale uani na injini iliyotoboka, na wagonjwa wa wiki hii wanapanda mlima kwa gari la kuazima. Hakuna nilichokitengeneza.

Mzee Nestori atakasirika. Atasema nimemvunjia heshima, alishanibebea, kwa nini nautua mzigo njiani. Yeye tutaelewana, naamini. Mkuu simwogopi tena, ameshafanya lake.

Anayenitetemesha ni Mama Eliza. Mumewe hatamwambia, namjua, atasema mambo yamekwisha. Kwa hiyo ni lazima nimwambie mimi, na ni leo, kabla hajaanza kunishukuru. Nimeshavaa. Nauli ya bodaboda iko mkononi na bado sijasimama.

Nianze vipi? Na nikishasema, ataniacha niingie, au nitamalizia maneno yangu nje, mlangoni?