Rangi Huondoka Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mama wa bibi harusi amerudi na bahasha yote. Akazipanga picha juu ya kaunta moja moja, kama mtu anayegawa karata. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: mwanawe ameolewa au ameagwa?

Nikatazama. Kijani. Bibi harusi kijani, bwana harusi kijani, mpaka watoto walioshika maua. Kijani cha maji ya dimbwi.

Mzee wangu akasema ni printa. Akaomba radhi, akaahidi kuzichapa upya. Kutwa nzima ameifungua, anaisafisha kwa pamba na spiriti. Mara tatu.

Printa haina kasoro. Ijumaa nilichapa kadi za mwenye duka la dawa, hakuzigusa Mzee, na rangi zilitoka sawasawa. Kinachotoka kijani ni kile anachokirekebisha yeye kwenye kompyuta.

Jumamosi alimimina chai pembeni ya kikombe. Akacheka, akasema mkono umezeeka. Na mimi nikacheka.

Jumanne, 5 Machi

Amezichapa upya. Bado kijani. Hakuona. Amezitia kwenye bahasha mwenyewe, anapiga mluzi.

Akaniambia nimpigie mteja. Nimesema nimempigia, hapatikani. Sijampigia.

Jumatano, 6 Machi

Nimemweleza binti yetu kwa simu, nimejificha chumba cha kukatia karatasi kama mwizi. Akauliza baba yake anasemaje. Nikamwambia baba yako anasema printa.

Yeye kule kazini kwake wanatengeneza vitabu, anaijua hiyo programu ya picha. Akasema: Mama, jifunze. Mimi! Miaka ishirini na saba kwenye studio hii kazi yangu ni kukata, kutia fremu, kupokea wateja na kuwabembeleza watoto wasilie mbele ya kamera. Kompyuta ni ya Mzee. Hata kiti chake sikalii.

Kanipa sharti moja la kuanzia: kabla sijagusa picha, nitoe nakala. Ile ya baba isiguswe. Nakala niipe jina lilelile na namba mbili mwishoni. Na nipate daftari niandike hatua, nisije nikasahau. Basi nimeandika hapa hapa. Daftari moja linatosha mambo yote.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee anakwenda nyumbani kula saa saba, anajinyoosha mpaka saa tisa. Zamani nilikuwa nasinzia muda huo. Leo nimekaa kwenye kiti chake. Kimechimbika kwa umbo lake.

Somo la kwanza. Binti anatuma maelezo kwa sauti, nasikiliza, nasimamisha, narudisha. Anasema kuna leya — picha inakaa chini, juu yake unaweka leya kama ile karatasi ya plastiki ya kwenye albamu. Unachora juu ya plastiki, picha ya chini haidhuriki. Hilo nimelielewa.

Kulitenda ndiyo balaa. Nilitaka kumpunguzia mng'aro wa kipaji cha uso mchungaji mmoja, nikamfuta kipaji chote. Nikajaribu kumrudishia, akaota cha pili. Nimecheka peke yangu mpaka machozi, halafu yale machozi yakakataa kuisha.

Nimefunga kila kitu saa tisa kasoro kumi. Nimekifuta na kiti.

Jumatatu, 11 Machi

Siku nne, mchana wote. Shingo imekaza.

Binti asema: rangi ya picha nzima ikipotea, tafuta kitu unachojua ni cheupe. Kola ya shati. Karatasi. Iambie programu, hiki ni cheupe — na vingine vyote vinajipanga. Nikaanza na gauni la bibi harusi. Nikabonyeza.

Uso wake ukarudi! Kama mtu aliyetolewa majini.

Nimezifanya zote arobaini, nikazichapa, nikazibadilisha kwenye bahasha. Mama wa bibi harusi akaja jioni, akazitazama, akamshika Mzee mkono kwa mikono miwili. Mzee akageuka kwangu: si nilikuambia ni printa?

Nikasema ndiyo, ulisema.

Jumamosi, 16 Machi

Wiki nzima hakuna kilichotoka dukani bila kupita mkononi mwangu. Picha za pasipoti, familia, mtoto wa siku arobaini. Anazimaliza yeye asubuhi, nazirudia mimi mchana. Haulizi. Anapiga mluzi, amekata ndevu, anawatania wateja kama zamani.

Leo amerudi kutoka shule moja ya wasichana na habari: amechukua kazi ya wahitimu. Nyuso mia na arobaini. Amekwisha kuwapiga picha, jana na leo, na mwalimu mkuu anazitaka Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa.

Kazi kama hizi alikuwa ameziacha tangu mwaka jana, hakusema kwa nini. Sasa amepata moyo. Moyo huo nimempa mimi, kwa uongo wangu. Nimekaa naye chakula kikanishinda.

Jumanne, 19 Machi

Nimempeleka hospitali ya macho. Nilimdanganya kwamba ni macho yangu, anisindikize. Tulipofika nikamwomba na yeye apimwe, maadamu tuko pale. Akaniangalia. Akasema sawa, bibie. Nadhani alijua tangu tunafunga mlango wa nyumba.

Daktari ni mwanamke mdogo, mpole. Alimwonyesha Mzee kitabu cha vidoti vya rangi, namba zimefichwa ndani. Ukurasa wa kwanza nikaiona namba. Wa pili nikaiona. Yeye alisema hamna kitu. Kurasa kumi na mbili, hamna kitu.

Mshipa unaobeba mwanga kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo unakauka. Macho yote mawili. Hakuna dawa ya kuurudisha. Ukungu utaanzia katikati, pembeni ataendelea kuona kidogo. Labda mwisho wa mwaka, labda baadaye.

Mzee aliuliza swali moja tu.

"Rangi huondoka kwanza?"

"Mara nyingi, ndiyo."

"Tangu lini, kwangu mimi?"

Daktari akasema hawezi kujua hasa, pengine mwaka mzima, pengine zaidi. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama anapopokea oda.

Njiani alinishika bega. Hatukuzoea kutembea hivyo. Nikangoja aniulize habari ya picha za harusi. Hakuniuliza.

Alhamisi, 21 Machi

Ameuliza.

Nilitoka dukani kununua wino, niliporudi nikamkuta amekaa kwenye kompyuta, ameyakuza maandishi mpaka yamejaa kioo, uso wake kando kidogo, anatazama kwa pembe ya jicho. Orodha ya mafaili. Kila picha mara mbili, ya pili ina namba mbili mwishoni.

"Hizi za pili za nani?"

Nikasema zangu.

"Zote?"

"Tangu harusi ile."

Alishusha orodha taratibu, anahesabu kwa midomo. Niliweza kumsikia anavyopumua. Nikataka kusema nilifanya kwa ajili yake, lakini maneno hayo niliyasikia kichwani kabla hayajatoka na yalikuwa mabaya.

Akasema, "Mimi nilidhani nimepona."

Basi. Akachukua koti, akaenda nyumbani kwa miguu, peke yake. Nimefunga duka, nikamfuata kwa mbali njia nzima, nikiomba asijikwae na asigeuke.

Jumapili, 24 Machi

Siku ya tatu yuko kitandani, au kitini dirishani. Anakula akiambiwa ale. Anajibu ndiyo, hapana, asante. Miaka ishirini na tisa ya ndoa hajapata kuniambia asante mara nyingi hivi. Kila moja inanichoma.

Binti amepiga. Baba amekataa simu, amesema kalala. Amekaa hapo hapo macho wazi.

Naandika mbele yake, hatua mbili kutoka alipo. Siku nyingine ningelificha daftari. Leo hakuna haja, na hilo ndilo lililonifanya niiweke kalamu chini mara ya kwanza nilipoanza mstari huu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda dukani peke yangu. Picha mia na arobaini, siku nne. Mpaka saa sita nilikuwa nimefanya kumi na tisa. Nikampelekea binti chache azione. Akasema: Mama, umewafanya wote ndugu. Kweli. Mweusi sana, maji ya kunde, mweupe — wote nimewavuta kwenye rangi moja, ile inayonipendeza mimi. Nilipoteza mchana mzima kuwafumua. Kila nikitazama uso muda mrefu, macho yangu mwenyewe yananidanganya.

Saa kumi mlango ukafunguka. Mzee. Shati amekosea kulifunga, kifungo kimoja chini. Hakunisalimia, akakaa kwenye benchi la wateja. Nikawa nabonyeza tu bila kufanya kitu.

Baadaye akasema:

"Usiutazame uso. Soma namba."

Namba gani? Akanielekeza, bila kuona, dirisha dogo la programu liko wapi, lipo kona ya kulia, lifungue. Ni kweli, lilikuwepo siku zote. Ukiweka kipanya juu ya shavu, zinatoka namba tatu: nyekundu, kijani, buluu. Nikamsomea. Mia na kumi, mia na nne, sabini na tisa.

Akasema kijani kimeinyemelea mno nyekundu, ndiyo maana anaonekana mgonjwa. Nyekundu iwe juu, kijani kifuate kwa mbali, buluu chini. Mweusi, mweupe, wote ngazi ni hiyo hiyo, ila kila mtu ana mahali pake pa kusimama. Mahali pake ukipajua, muache hapo.

Tukafanya thelathini mpaka kufunga duka. Alizungumza na dari wakati wote.

Jumatano, 27 Machi

Mimi nasoma, yeye anajibu. Mia na arobaini, tisini na tano, sabini. Huyo muache. Mia na themanini, mia na sitini — huyo shusha kijani. Mwenye duka la dawa alichungulia akauliza tunacheza bahati nasibu? Mzee akacheka. Kicheko kifupi, lakini nimekisikia.

Chunusi toa, anasema. Kovu acha. Chunusi ni mgeni, kovu ni mwenyeji. Wa themanini na tatu ana pengo mbele na anacheka na pengo lake lote, nikauliza nilizibe? Akasema ukiliziba, mama yake atadai mwanawe.

Halafu akaanza kuniuliza wanafananaje. Nikajaribu. Huyu ana macho makubwa. Huyu uso wa duara. Huyu... uso wa duara. Maneno yaliniishia kwenye wa sita. Akasema haidhuru, endelea na namba. Lakini alikuwa amesogea mbele kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, na nilipokosa neno alirudi nyuma polepole akaegemea ukuta.

Alhamisi, 28 Machi

Tumemaliza mia na arobaini. Nimekata, nimepanga. Nimechoka mpaka kope.

Ijumaa, 29 Machi

Tulizipeleka pamoja. Mwalimu mkuu alizifungua ofisini, walimu wakajazana. Kila mmoja anamtafuta wake wa darasani. Wakamsifu Mzee, wakasema mkono wake ni ule ule. Yeye akasimama wima na mwavuli kama fimbo, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Kazi hii ni ya mke wangu. Mimi sioni." Hivyo hivyo, kama anataja saa. Mwalimu mkuu akatafuta pa kuyaweka macho, akaishia kwangu. Sikujua nifanye uso gani.

Tukarudi dukani. Nikadhani atataka kwenda kupumzika. Akasema nikae kwenye kigoda, anataka kunipiga picha. Nikamwambia nimevaa hovyo, nywele hazijachanwa. Akasema kaa, bibie.

Taa alizipanga kwa kupapasa, anahesabu hatua kutoka ukutani. Akaja akanishika kidevu, akakigeuza kidogo, akaacha kiganja pale shavuni muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akarudi nyuma ya kamera. Mashine yenyewe ingeweza kutafuta uso, lakini alikataa, akaizungusha lenzi kwa mkono kama alivyofundishwa ujanani. Akapiga moja tu. Hakurudia.

Akaniambia niifungue kwenye kompyuta wakati yeye ananawa bombani uani.

"Usitoe nakala. Usiiguse. Nikirudi uniambie tu ikoje."

Nimeifungua. Pazia la nyuma limetoka wazi kabisa, unaweza kuhesabu nyuzi. Sikio la kushoto nalo wazi, hata tundu la herini linaonekana. Uso wangu ni ukungu. Macho hayapo, kuna vivuli viwili, na mdomo uko wazi kidogo, nafikiri nilikuwa nataka kumwambia kitu. Upande mmoja umekatwa na ukingo wa picha. Nimeikuza, nimeirudisha. Nimetafuta kitu cha kusifu kisicho cha uongo. Taa. Taa zimekaa vizuri sana.

Kipanya nimekiweka mbali.

Maji yameacha kumwagika. Anapangusa mikono, nasikia taulo. Sasa anahesabu hatua.